Inzu 14

Saa mbili za usiku Bariye Ndogo imelala,
wa uhamiaji wamekunja daftari lao,
na kompyuta yangu, bila jeto, bila kitambulisho,
imeshavuka.

Naiona pale chini, pembeni mwa kioo:
vijipinde vitatu vilivyojaa pomoni
na jina ambalo si langu, INZU 14.
Mimi niko Birere, ubavuni mwa mpaka,
nahesabu magunia ya maharagwe ya Masika Vyakuno,
kumbe hesabu zangu zinapitia Gisenyi
kama mtu anayekwenda chooni kwa jirani.

Na choo ninacho! Nimekilipia.
Modemu mpya juu ya kabati, kando ya sahani za harusi,
taa zake nne za kijani zinakonyeza bure.
Nimeupa mtandao jina, KAVIRA NYUMBANI,
dola ishirini na tano kila mwezi,
umeme ukikubali.

Ila usiku, watoto wa ng'ambo wakizima simu zao,
mtandao wao unanenepa,
unaruka ukuta wa makoro,
unapenya mabati yangu,
na mashine hii, tamaa yake ya kuku,
inakimbilia penye punje nyingi.

Jana Kakule, kitinda mimba wangu, alinifungulia orodha.
"Mama, angalia mahali yote ilishalala."
Duka la fotokopi.
Hoteli ya semina ya siku tatu
(tulikula kuku, sikumbuki kingine).
Simu ya Kasereka kabla hajahamia Butembo.
Parokia. Parokia tena, jina jipya.
Neno lenyewe la kufutia limeandikwa SAHAU,
naye akawa anabonyeza, sahau, sahau,
kama anayetoa mawe kwenye mchele.
Alipofika INZU 14 kidole kikasimama.
Kilisimama kwa sababu nilikishika.

Mwaka ule bariye ilipofungwa mchana na usiku,
ugonjwa, walisema,
wateja wangu wakingoja bei
na mimi sina mega hata ya salamu,
kulikuwa na mwanamke ng'ambo anaanika nguo.
Tulijuana kwa kamba tu:
mimi nayajua mashuka yake, yeye anavijua vitenge vyangu.
Siku hiyo alinisikia nikiitukana simu.
Akabana karatasi kwenye kibanio, akarusha.
Herufi kumi na mbili, mwandiko wa mwalimu,
na chini yake: *usivute sinema.*

Sikuvuta sinema.
Mkono wake sijawahi kuushika.

Siku hizi mpakani kuna maneno mengine,
watu wanasalimiana kwa kope.
Nguo zake anaanika upande wa pili wa nyumba.
Labda ni jua. Labda ni mimi.
Lakini lile neno la siri hajalibadilisha,
na namna ya kulibadilisha anaijua, mwalimu yule.

"Tufute?"
Nionyeshe kwanza mlango mwingine, nikamwambia.
Kakule akahema hewa yote ya ujana wake,
akafungua dirisha ndani ya dirisha,
na hapo chini ya jina pakawa na kisanduku,
kidogo kama punje ya mtama:
*Ijiunge yenyewe.*
Nikaiondoa tiki kwa mkono wangu.
Kisha tukalipandisha jina langu, hatua kwa hatua,
likapita parokia zote mbili,
likakaa juu.

Sasa mashine inalala nyumbani.
Polepole, nisiseme uongo,
ukurasa unafunguka kama lango lenye kutu,
na Masika ananipigia, "Kavira, hesabu iko wapi?"
Iko njiani, mama. Inapita kwangu.

Usiku ukikomaa INZU 14 inatokea orodhani,
pinde zake tatu, kufuli yake ndogo,
na pembeni neno moja: *Imehifadhiwa.*
Siibonyezi. Naitazama tu, kisha narudi kwenye maharagwe.

Kile kibanio ninacho bado. Cha bluu.
Kinabana risiti za modemu.